Niliulizwa kuhusu mposaji nikasema ninavyomjua, sasa mtaa mzima waniita msengenyaji

Asalaam aleikum Ma'mkubwa,

Natumai u mzima wewe na jamaa wote. Mimi ni mkaazi wa Langoni hapa Lamu, nimeolewa nina watoto, na kazi yangu ni kushona kofia za vito, tunakaa kina mama kadhaa kwetu kila baada ya alasiri kila mtu na kofia yake mkononi na birika la chai ya tangawizi liko katikati. Nakuandikia nina uchungu, na nisikufiche, aibu kidogo pia ninayo.

Ni hivi. Kuna mama jirani yetu, tumemzoea kama mama mzazi, binti yake wa mwisho ameletewa posa na kijana wa hapa hapa kisiwani ila amekaa Malindi miaka mingi kwa biashara zake. Sasa huyo kijana alishamuoa binti ya mamangu mdogo huko Malindi, wakazaa watoto wawili wakaachana, na hio si siri maana mambo yalifika mpaka kwa kadhi. Basi yule mama akaja kwangu usiku baada ya isha, akaketi na buibui lake hata hakulivua, chai hakuitaka, akanambia mwanangu nakuuliza kwa haki ya Mungu, huyu kijana wamjua, niambie unavyomjua manake mimi namtoa mtoto wangu.

Ma'mkubwa ningefanyaje? Nilimwambia. Nilimwambia tangu amuache binti ya mamangu mdogo hajapeleka hata pesa ya madaftari, ni sisi jamaa tunachanga, na hio naijua kwa sababu mimi mwenyewe ni mmoja wa wanaotuma kwenye simu kila mwezi. Nikamwambia pia ana mkono mwepesi, siku moja alimpiga mkewe akaja kwetu jicho limevimba tukamkanda kwa maji moto mimi na mamangu. Hapo ningenyamaza. Lakini sijui ni shetani sijui ni kule kuona mtu anakusikiliza, nikaongeza, nikasema na siku hizi nasikia ati anatumia unga huko Malindi, na kwani mlitarajia nini na mamake ndo yule, mtaa mzima wamjua alivyo.

Mama wa watu akalia, akanishukuru, akaenda zake. Kumbe usiku huo huo akamhadithia dadake, na dadake akarekodi voisi akaiweka kwenye grupu la WhatsApp la familia, na kwenye grupu lile kuna mtu ameolewa upande wa kijana, basi kabla ya adhuhuri maneno yashafika Malindi na yasharudi. Na yaliporudi hayakuwa yangu tena. Yalikuwa ati fulani wa Langoni asema kijana ni teja na mamake ni mchawi. Uchawi mimi sikuutaja wallahi!

Sasa mamake kijana akipita mbele ya daka letu hupaza sauti, ati kuna watu kazi yao ni kuvunjia wenzao kheri. Majuzi kwenye kupamba nilipoingia tu kina mama wakanyamaza, mmoja akamkonyeza mwenzake, mwengine akabinua mdomo upande wangu akidhani sioni, na kuna aliyeigeuza leso yake ile jina lije mbele nikajua hapa napigwa fumbo. Na mwanangu wa kike ameambiwa chuoni, madrasa, mamako msengenyaji, akaja nyumbani analia.

Wenzangu wa kofia wenyewe wamegawanyika. Mmoja anasema wewe hukusengenya, umesema kweli na kweli si kusengenya. Mwengine anasema kusengenya ndo huko huko, ungemjibu yule mama tu kwamba hujui, Mungu awape la kheri, ukafunga mdomo wako. Mume wangu yeye asema nyinyi wanawake hamna kazi.

Na nikwambie yote usije ukanihukumu nusu. Kabla hayo ya voisi hayajanifikia mimi, jioni ya kesho yake niliwahadithia wenzangu wa kofia pia, tukacheka, hasa ile ya mamake, na mmoja akainuka akaigiza anavyotembea, tukacheka zaidi.

Sasa je, mimi ni msengenyaji? Kuna shoga yangu anataka twende tukamsute yule aliyetuma voisi, tuende na watu wa kushuhudia, niende? Nikamwombe msamaha kijana na mamake na hali mengine ni kweli tupu? Na posa bado haijarudishwa, yule mama ameniita tena kwake, nikimwendea nimwambieje?

Mshona Kofia, Langoni

*

Waaleikum salaam mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikakuonea huruma, ya pili nikakasirika nawe, ya tatu nikaona bora nikujibu kabla hujaenda huko kwenye kusuta.

Nianze na yule mwenzio wa kwanza, asemaye kweli si kusengenya. Amekosea, na hilo kosa limeenea hapa mjini kiasi cha kwamba mtu atamchana mwenzake vipande vipande halafu mwisho aseme mimi simsengenyi, hata mbele yake nitasema. Mtume s.a.w. aliwauliza maswahaba, mwajua ghiba ni nini? Wakasema Mungu na Mtume wake ndio wajuao. Akawaambia ni kumtaja ndugu yako kwa jambo analolichukia. Mmoja akauliza, na je kama hilo nilisemalo analo kweli? Akajibiwa, likiwa analo ndio umemsengenya, na likiwa hana basi umemzulia. Hadithi hii ni ya Abu Huraira na imo kwenye Sahih Muslim, wala si ngumu kuielewa. Yaani ukweli ndio unaolifanya neno kuwa kusengenya, uongo una jina lake jingine na adhabu yake nyingine. Kwa hivyo ile ya "lakini si kweli?" haikuokoi, hapo ndipo kesi inapoanza.

Na yule wa pili, wa "ungesema hujui", naye simuungi mkono. Mama wa watu amekuja usiku kukuuliza kwa haki ya Mungu, anamtoa binti yake, wewe una habari ya jicho lililovimba ulilolikanda kwa mkono wako, halafu umwambie hujui? Huo ni uongo na ni khiyana, na kesho yule binti akija na jicho kama lile wewe utaangalia wapi.

Kuna kisa cha Fatima binti Qays, kimo kwenye Sahih Muslim pia. Alipotoka eda alimwendea Mtume s.a.w. akamwambia ameposwa na Muawiya na Abu Jahm. Mtume hakumwambia sijui, Mungu akupe la kheri. Alimwambia Abu Jahm fimbo haiteremki begani mwake, na Muawiya ni fukara hana mali, olewa na Usama. Amewataja wanaume wawili kwa majina, nyuma yao, kwa mambo ambayo hakuna mwanamume anayependa atajwe kwayo, mmoja kwa kupiga na mwengine kwa ufukara. Na haikuwa kusengenya, kwa sababu aliyeuliza alikuwa na haki ya kujua na lililosemwa lilikuwa la kumkinga. Imam Nawawi alipoyahesabu mambo ambayo kumtaja mtu kwa ubaya kunaruhusiwa alifikisha sita, na kushauriwa katika ndoa ni katika hayo, pamoja na aliyedhulumiwa kwenda kumshtaki aliyemdhulumu. Ndio maana binti ya mamako mdogo alipokwenda kwa kadhi akaeleza ya mumewe hakuna anayeweza kumwita msengenyaji, na akitokea wa kumwita hivyo basi hajui asemalo.

Sasa tuyakate maneno yako, manake hukusema neno moja, ulisema manne, na kila moja lina hukumu yake.

La watoto kutotunzwa na la kupiga, hayo umeyaona na kuyashika, umeulizwa na mwenye haki, umejibu. Hapo sina neno nawe, na ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo. Labda ningesema machache zaidi, kwa sababu wanavyuoni wanasema kama kauli ya "sioni kama anamfaa mwanao" yatosha basi ikomee hapo, lakini mama wa mji huu ukimwambia tu hamfai atataka kujua kwa nini mpaka alfajiri, kwa hivyo nakuelewa.

La unga ndilo lililonikera. Umesema nasikia. Umesikia kwa nani? Hukuandika, na nadhani hata wewe hujui, ni maneno ya kwenye boti. Mwanangu, wewe unaishi Lamu, wajua neno hilo linavyofanya kazi. Kijana akishaitwa teja hapewi duka kulilinda, habebeshwi mzigo wa mtu, pakiibwa simu mtaani yeye ndiye wa kwanza kugongewa mlango, na hata akiwa hajawahi kugusa hicho kitu maishani mwake hakuna pahala pa kwenda kupewa cheti cha kwamba si teja. Aya ya 6 ya Sura Al-Hujurat yasema akikujieni mpotovu na habari ichunguzeni, msije mkawadhuru watu kwa kutojua, na ukisogea chini kidogo, aya ya 12 ya sura hiyo hiyo, ndio ile ya kujiepusha na dhana nyingi na kutosengenyana, na kuuliza nani kati yenu apendaye kula nyama ya nduguye aliyekufa. Sisi tunaikimbilia ya nyama kwa sababu inatisha, lakini tazama katika aya hiyo hiyo kilichotangulia ni dhana, kisha kupelelezana, halafu ndo kusengenyana. Ndivyo ilivyokuwa kwako, ulidhani kwanza, ukasema baadaye. Na kama si kweli, basi hapo hukusengenya, umezua, na umemzulia mtu ambaye hata bila hilo alikuwa na makosa ya kutosha.

Na la mamake? Posa ni ya kijana. Mama anavyotembea au anavyosema na watu kulikuwa na haja gani kwa yule aliyekuja kuuliza? Hakuna. Hilo ni kusengenya kavu.

Halafu kile kikao cha kofia. Mwanangu nakushukuru kwa kukiandika, manake ungekificha ningekupa jibu jingine kabisa. Maneno yale yale uliyoruhusiwa kumwambia mama mmoja usiku, jioni yake umewaambia watu wasiouliza na wasiooza mtu, tena kwa kicheko. Ruhusa haikuhamia hapo. Ya jicho kuvimba yalikuwa nasaha usiku na yakawa kusengenya jioni, na hayakubadilika hata neno moja.

Na yule aliyeinuka kuigiza asijidhani yeye kapona kwa kuwa hakusema kitu. Kusengenya si kwa ulimi tu, kamusi za zamani za Kiswahili zilieleza neno hili kuwa ni kumfanyia mtu ishara za siri za dharau na yupo pale pale, ile tunayoiita kumramba kisogo, jicho, mdomo, kidole. Bibi Aisha r.a. alimwambia Mtume s.a.w. kuhusu mke mwenziwe Safiyya, yakutosha kwa Safiyya kuwa yuko hivi, akikusudia ni mfupi, akaambiwa umesema neno ambalo lau lingechanganywa na maji ya bahari lingeyageuza. Ufupi tu! Nasi watu wa kisiwa twaijua bahari ni maji kiasi gani. Na kwenye hadithi hiyo hiyo, iko kwa Abu Daud na Tirmidhi, Bibi Aisha anasema alimwigiza mtu mbele yake, naye Mtume akasema hapendi kumwigiza mtu hata apewe kadha wa kadha. Kwa hivyo mwambie mwenzio mwigizaji, hadithi yake ipo.

Hapo hapo wale waliokukonyezea kwenye kupamba nao wamekusengenya kwa maana ya zamani kabisa ya neno, na aliyegeuza leso pia, huku wakikuita wewe msengenyaji. Nimecheka peke yangu niliposoma. Na mumeo naye mwambie, kwa adabu, apite Mkunguni jioni asikilize wazee wa kahawa wanavyomjadili diwani, mkwe wa fulani na nani kauza kiwanja cha mayatima. Wao hawaiti kusengenya, wanaita mazungumzo.

Sasa huyu mama mdogo wa binti, mwenye voisi. Watu wanamchanganya na wewe katika kapu moja ilhali kazi yake ni nyingine. Wewe ulimsema mtu nyuma yake, huko ndiko kusengenya, wengine wakiita kuteta, na wazee wetu wa Amu wakisema kumwamba mtu. Kuyabeba maneno ya huyu kuyapeleka kwa yule yakawagombanisha hiyo ni fitina, namima kwa wenye kusoma vitabu, na Mtume s.a.w. amesema mfitini haingii peponi. Lakini tuwe waadilifu. Yeye kwa ulivyoandika aliweka kwenye grupu la familia yake mwenyewe, wanaooza ni wao, huenda alitaka kuwatahadharisha jamaa. Ujinga wake ni kusahau nani yuko kwenye grupu. Aliyeitoa voisi pale akaifowadi upande wa pili ndiye aliyefitini hasa, na aliyeongeza uchawi ndiye mzushi, na hao wawili nakuhakikishia leo wanakula mahamri kwa raha na jina lao halitajwi popote.

Ndio nasema kumsuta usiende.

Kusuta kwenyewe zamani kulikuwa na maana. Mtu amekusingizia, unamwendea na aliyesikia, mnakaa, maneno yanarudiwa mbele yake, akiri au akanushe, kwisha. Ya siku hizi ni ngoma. Kina mama wananunua leso za jina moja, wanachukua vigelegele, wanasimama mlangoni pa mtu, na yale maneno yanatamkwa kwa sauti barabarani, kwa hivyo hata yule aliyekuwa Matondoni anasuka mikeka yake hajui lolote siku hiyo atajua kwamba kuna kijana anaitwa teja. Utakuwa umeitangaza mara ya pili wewe mwenyewe, na kwa sauti. Tena utamsuta kwa lipi, yeye amesema "fulani kasema", na fulani kweli alisema! Atakujibu mbele ya watu na wewe utarudi nyumbani huna uso.

Ufanye hivi badala yake. Kwanza mwendee huyo mwenye voisi peke yako, mchana, bila shoga yako, umwambie mama mimi neno la unga nililisikia tu sikuliona, na la uchawi silijui limetoka wapi, nakuomba kwenye grupu lile lile uweke voisi nyengine useme hivyo. Grupu lile lile, si jingine, na kwa sauti yake kwa sababu ya kwanza pia ilikuwa sauti yake. Akikataa, andika meseji fupi wewe umwombe yule mama jirani aiweke. Usitume voisi ndefu ya kujitetea, nakujua utaanza vizuri halafu katikati utamtaja tena mtu.

Pili ni msamaha. Wanavyuoni wamehitilafiana kama uliyemsengenya ni lazima umwendee umwambie. Wako wasemao lazima kwa kuwa ni haki yake, na wako wasemao kama habari haijamfikia usimfungulie jeraha, mwombee dua na umtaje kwa wema pale pale ulipomtaja kwa ubaya. Kwako wewe hilo swali halipo kwa sababu habari imemfikia, imefika na nyongeza juu. Kwa hivyo utakwenda. Kwa mamake kijana nenda wewe na mtu mzima wa kwenu, mamako kama yuhai au dadake, na umwambie wazi nilikutaja kwa neno baya usiku fulani na nikakucheka jioni ya kesho yake, halikuwa langu kulisema, naomba uniwie radhi. Usimwambie "kama nimekukosea". Kama ya nini, umemkosea. Atakutolea maneno, yasikilize. Akikuuliza la uchawi mwambie hilo hukulisema na hutalibeba, ukomee hapo, usitaje nani unadhani kalitia, manake hapo utakuwa umeanza upya.

Kwa kijana mwenyewe usimpigie simu wewe. Mumeo, ambaye naona ana wakati, ampigie au amwone akija kuswali Ijumaa, amwambie mke wangu alikutaja kwa unga bila kuhakikisha na anaomba msamaha kwa hilo. Kwa hilo. La watoto na la kupiga usiliombee msamaha wala usilirudishe, hata wakikwambia futa yote tumalize. Kuna watu wataligeuza, watasema si amekiri alisema uongo, kwa hivyo mumeo atamke yote mawili kwenye pumzi moja, hili ameliondoa, hili bado lipo.

Nikuguse sheria kidogo kwa kuwa wapo wa upande wao watakaokutishia polisi. Kashfa ya jinai, kile kifungu cha 194 cha kanuni za adhabu, Mahakama Kuu ilikifuta mwaka 2017, kwa hivyo usipoteze usingizi kwa kuambiwa utafungwa kwa kifungu hicho. Lakini kesi ya madai ya kulipwa fidia bado ipo, na neno la kutajwa kwamba mtu anatumia madawa, likiwa halina ushahidi na limerekodiwa, ni neno la kupelekea mtu mahakamani.

Na tuseme, Mungu apishe mbali, likawa kweli anatumia. Basi huyo ni mgonjwa, na wanaofaa kuambiwa ni watu wake wa karibu, kimya kimya, wamshike mkono. Hospitali ya Malindi ina kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, tangu 2015, watu wanakwenda kila siku kunywa dawa yao na kurudi makazini na wengine wana wake na watoto. Kuhadithiana kwenye kofia hakujamtoa mtu kwenye unga bado.

Kina mama wa kofia nao usiwasahau. Uliwapa maneno manne, na hakuna hata moja ulilokuwa na haki ya kuwahadithia wao. Hutakiwi kuhutubia, sema tu huku unashona, jamani yale ya fulani na mamake tuyaache nilikosa. Yule mwigizaji atanyamaza, utaona.

Kwa binti yako wa chuoni, mwendee mwalimu wake umwambie, mwalimu ana njia yake ya kusema na watoto, na mtoto mwenyewe mweleze kwa kiasi chake kwamba mama alisema neno akakosea na amekwenda kuomba msamaha. Usimfundishe kujibu. Nimeona watoto wanaofundishwa majibu, wakifika darasa la nne washakuwa wakali kuliko mamazao.

Limebaki la yule mama anayekuita tena. Nenda. Mwambie niliyoyaona ni mawili na nakariri ni mawili, la tatu nalirudisha na la nne naomba unisamehe. Ya zaidi aulize anayeyajua, binti ya mamako mdogo mwenyewe yuhai na ana mdomo wake, akitaka kusema atasema, na yaliyofika kwa kadhi si ya kunong'onezwa. Huko Malindi kuna imamu wa msikiti anaoswali kijana na kuna majirani wa duka lake, watu wa makamo waende waulize, ndivyo posa ilivyokuwa ikiulizwa. Tena kijana mwenyewe aitwe aulizwe uso kwa uso kuhusu watoto wake wawili, huenda ana lake la kusema ambalo mimi na wewe hatujalisikia, au huenda akiona aibu ya kuulizwa ataanza kupeleka matunzo, na hapo hata binti ya mamako mdogo atakuwa amepata kitu. Yeye na mwanawe ndio wataamua, wewe si walii wa mtu.

Wakiamua kuendelea na posa usinune. Ukiletewa mwaliko nenda, umpelekee binti zawadi yake, ukae kwenye sinia na wenzio, na akitokea wa kukunong'oneza pale kwani si wewe ulosema kwamba huyu, jaza mdomo wali.

Ma'mkubwa